Mwekundu wa Madoa Tisa

Jumatatu, 20 Oktoba

Charlene! Kama ni wewe umefungua daftari hili, lifunge sasa hivi. Nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekuvumilia ulipoolewa na mtu wa Shreveport, mji wa bara, asiyejua kichwa cha kamba wa majini kiko upande gani. Sikukuzaa uje kunichungulia. Lirudishe chini ya debe la unga, palepale ulipolitoa, kisha unawe mikono.

Haya. Sasa tumebaki wawili, mimi na karatasi.

Daktari wa presha kasema niandike kila siku yanayonikera. Eti hasira ikitokea kwenye kalamu haipandi kichwani. Nikamwambia shule niliachia darasa la sita, nikaenda kumenya kamba kiwandani. Akasema kwa kuandika hasira darasa la sita linatosha. Kijana ana adabu. Vidonge vyake vikubwa kama maharage, lakini ana adabu.

Kinachonikera ni kimoja. Jina lake Earline.

Earline ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu Whitney. Nyumba zetu zinatazamana, katikati ni maji ya bayou tu, huu mto wetu wa kinamasi. Nikifungua dirisha namwona. Nikilifunga, bado najua yupo.

Na jikoni kwake, ukutani, umetundikwa mwiko wangu.

Mwiko wenyewe mrefu kama kasia. Whitney aliuchonga kwa mkono wake, kutoka ubao wa mtumbwi wa baba yake, ili ukoroge sufuria kubwa ya kanisa. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, parokia yetu hapa Bayou Mouette inapika kubiyon, ule mchuzi mzito wa nyanya na samaki. Watu mia mbili wanakula. Anayepika ni yule aliyeleta kanisani, Jumamosi kabla ya saa sita mchana, samaki mwekundu mwenye madoa mengi kuliko wote. Mwekundu wa kawaida ana doa moja jeusi mkiani. Wengine wana mawili, matatu. Ukimpata mwenye madoa sita, unapika wewe na mwiko unalala kwako mwaka mzima.

Miaka kumi na moja ulilala kwangu. Mwaka jana mimi nilileta madoa sita, Earline akaleta saba. Lile la saba lilikuwa kovu! Kaa alimuuma yule samaki, kovu likafanya weusi. Nilisema, nilipiga kelele. Padri Kurian akavaa miwani, akainama, akasema ni doa. Padri katoka Kerala, kule India, ana miaka mitatu tu hapa. Anajua nini habari za makovu ya samaki?

Sasa jana baada ya misa padri katangaza. Mwiko umechakaa, anaogopa utapasuka. Mwaka huu ndio mwisho wa kuushindania. Atakayeshinda Jumamosi anauchukua moja kwa moja. Na samaki lazima awe amevuliwa Jumamosi hiyohiyo, si wa juzi, si wa friji.

Moja kwa moja! Kazi ya mkono wa Whitney ikae kwa Earline mpaka kiama? Thubutu!

Earline akasema mbele ya watu wote kwamba Whitney alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu. Nikamjibu kaka unapewa, mume unamchagua. Akasema, "Ulimchagua baada ya yule wa kwanza kukukimbia, wifi." Watu wakacheka. Hata padri. Presha imepanda. Ndiyo maana naandika.


Jumanne, 21 Oktoba

Mpango wa kwanza. Kumpeleleza.

Earline anatoka kila asubuhi na boti yake ya kijani. Anarudi na wekundu. Haendi anakokwenda kila mtu. Ana mahali. Nikipajua, nimemaliza.

Mimi siwezi kumfuata, ananijua hata kwa kikohozi. Nikamtuma Brent, mkwe wangu. Yeye na Charlene wako kwangu mpaka paa lao lililobebwa na dhoruba litengenezwe. Ale bure, alale bure, asifanye kazi? Brent ana boti inayometa kama jino la dhahabu. Ina skrini tatu. Moja inaonyesha kina, moja inaonyesha njia, moja inaonyesha samaki. Haionyeshi akili.

Nikamwambia kaa mbali, jifanye unavua trauti, mwangalie anakata kona wapi. Akasema sawa, Mama.

Karudi saa tano. Kaungua shingo. Kakamata kambare wa maji chumvi kumi na wanne, wale wenye miiba ambao hata ndege mwari anawatema. Nikamuuliza Earline kaenda wapi. Akasema kazunguka. Kazunguka wapi? Kazunguka kisiwa kile kidogo cha nyasi mara nne, Mama, halafu akasimama akaniita kwa jina, akanirushia biskuti.

Akamrushia biskuti!

Na akamwambia, "Mwambie wifi yangu akitaka kunifuata aje mwenyewe, wewe utapata jua la kichwa bure."

Alijuaje? Nimemuuliza Brent kama alimwambia mtu. Kaapa hapana. Lakini huyu mtu mdomo wake hauna mlango. Nimemnyima kipande cha pili cha mkate wa mahindi.

Daftari nimelihamisha, kwa usalama. Sasa liko ndani ya buti la kushoto la Whitney, nyuma ya mlango.


Jumatano, 22 Oktoba

Mpango wa pili. Uongo.

Nimekwenda mapema duka la chambo, nikanunua kamba hai robo ndoo. Wanaume walikuwa wamejaa pale, wanakunywa kahawa na kuvunja uchumi wa nchi kwa midomo. Nikasema kwa sauti ya kunong'ona, ile inayosikika mpaka barabarani, kwamba wekundu wote wamehamia kwenye mfereji wa pampu ya zamani. Nimewaona kwa macho yangu, nikasema. Migongo iko nje ya maji kama nguruwe.

Hakuna kitu mfereji ule. Tope na matairi. Nilijua habari itafika kwa Earline kabla kahawa haijapoa, na wote wataenda kupoteza siku huko.

Wakaenda. Boti kumi na mbili, nilizihesabu kutoka dirishani. Earline wa mwisho, ananipungia mkono.

Mimi nikakaa barazani, nikala yai, nikacheka peke yangu.

Saa nane wakaanza kurudi. Trauti! Boti zimejaa trauti! Wanene, wanang'aa, wamekuja mfereji ule kufuata kamba wadogo. Kila mtu kapata fungu lake la halali. Wakapita kwangu mmoja mmoja kunishukuru. Mungu akubariki, Bibi Odelia. Una jicho, Bibi Odelia. Mmoja kanibusu shavuni na mikono yake inanuka samaki.

Nina trauti ndani ya friji mpaka kwenye droo ya siagi. Sikuvua hata mmoja.

Earline kaleta wa kwake ndani ya sahani, amekwisha kuwapasua na kuwatia chumvi. Kasimama ngazini. "Wifi, asante kwa habari. Sijui kwa nini watu wanasema wewe ni mchoyo." Nikamuuliza nani anasema. Akasema, "Mimi." Akaondoka.

Nimewakaanga kwa unga wa mahindi. Nimekula wanne kwa hasira.

Kitu kimoja. Kwenye ukurasa wa jana kuna duara la kikombe. Kahawa ya maziwa. Mimi maziwa sitii. Brent anakunywa soda tu, asubuhi mpaka jioni, kama mtoto. Ndani ya nyumba hii anayetia maziwa kwenye kahawa ni Charlene peke yake. Lakini Charlene hawezi kuwa yeye. Nimemkataza ukurasa wa kwanza.

Labda ni kutu ya buti. Nimehamishia daftari ndani ya cherehani, chini ya kifuniko.


Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempata! Nimempata! Yesu na Maria na watakatifu wote wa kalenda!

Pole pole. Niandike kwa mpangilio.

Whitney alikuwa na ziwa lake. Si ziwa kubwa, ni dimbwi pana katikati ya kinamasi, nyuma ya kibanda kilichooza cha wawinda bata. Kina chake kinafika magotini. Mlango wake ni mkondo mwembamba, nyasi zimeufunika, ukipita haraka huuoni. Alinionyesha mwaka tuliooana. Akaniambia, "Odelia, hapa duniani tunapajua watu wawili." Sijamwambia mtu. Hata Charlene. Mpaka maji yapande sana ndipo boti inapita, na wiki hii upepo wa kusini umesukuma bahari yote ndani ya kinamasi. Maji yamefika kwenye nyasi. Wakati ni huu.

Boti ya Brent inazama sana, haifai. Tumechukua mashua bapa ya Whitney, ya alumini, na upondo. Magoti yangu hayataki kusimama, kwa hiyo mimi nilikaa mbele na ufito wa kuvulia, Brent akasimama nyuma kuisukuma. Nimemfundisha. Unachoma upondo kwenye tope, unasukuma, unauchomoa. Unauchomoa, Brent! Kachoma, kasukuma, hakuchomoa. Mashua ikaenda, yeye akabaki ananing'inia kwenye upondo katikati ya maji kama nguo iliyoanikwa. Halafu upondo ukalala taratibu, naye akalala nao. Nilicheka mpaka nikaogopa meno yangu yataanguka majini.

Lakini kelele ile ikaamsha kitu. Nikaona mgongo. Shaba tupu, unakwenda kando ya nyasi, mkia uko nje unapepea. Nikarusha ndoana yenye chambo cha kamba, na kiboya chake, mbele yake. Nikavuta kidogo, kiboya kikalia, pop. Akageuka. Nikaacha kupumua. Kiboya kikazama.

Tulishindana dakika kumi. Brent anatembea kwenye tope na wavu, anapiga kelele kuliko samaki. Tulipomtia ndani nikahesabu. Upande wa kulia matano. Nikamgeuza. Upande wa kushoto manne.

Tisa! Na urefu wake ndani ya kipimo cha sheria, si mkubwa kupita, si mdogo.

Nikalia kidogo. Brent kasema ni jua. Sawa, ni jua.

Sasa shida. Leo Alhamisi, na padri kasema avuliwe Jumamosi. Lakini nimefikiri. Nikimwacha hai, humohumo ziwani, hajavuliwa bado, yuko matembezini. Jumamosi nitamtoa nje ya maji, na huko kumtoa ndiko kuvua. Nimemuuliza Brent kama hiyo ni dhambi. Brent ni Mbaptisti, kasema hajui dhambi zetu zinahesabiwaje. Basi si dhambi.

Tulikuwa na dema moja la kaa ndani ya mashua. Nikapanua mdomo wa dema, nikamtia samaki, nikafunga kwa waya, nikamshusha karibu na kibanda. Anageuka vizuri, ana nafasi. Nikamwambia lala salama, Jumamosi asubuhi nakuja.

Mwiko unarudi nyumbani.


Ijumaa, 24 Oktoba

Earline kapiga simu. Saa moja asubuhi!

Kasema, "Wifi, umesikia redio? Kesho alfajiri upepo unageuka. Kaskazini, mkali." Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi. Akasema, "Ukienda mahali pa maji mafupi kesho, maji yatatoka. Unajua." Nikamwambia nilizaliwa kwenye kinamasi hiki, nilivua hapa wewe ukiwa bado unachezea matope. Akasema nina miezi minane tu zaidi yake.  Halafu akasema, "Na wifi, ukitumia dema kwa jambo lolote, toa chambo kwanza."

Nikakata simu.

Dema! Nani kamwambia habari za dema? Brent! Nilimwita jikoni, nikamketisha. Kaapa kwa mama yake. Nikamwambia mama yako simjui. Charlene akaingilia, kasema mwache mume wangu, Mama, kwa nini umfokee, na wewe mwenyewe kila mwaka unafanya hivihivi. Nikamuuliza hivi vipi. Kasema, "Hizi mbio za kumshinda Shangazi." Kikombe chake cha kahawa ya maziwa kilikuwa mezani. Kinaacha duara, kile kikombe. Nimemwambia aweke kitambaa chini.

Nimefikiri siku nzima kuhusu Earline na upepo wake. Mtu hamwonyi adui yake bila sababu. Anataka nisiende! Anataka nikae nyumbani naogopa upepo, yeye apeleke madoa yake mawili matatu apewe mwiko. Ujanja wa kitoto. Upepo ukigeuka alfajiri, maji hayatoki papo hapo. Yanachukua muda. Niingie mapema, nitoke mapema.

Na chambo ndani ya dema kilikuwa kichwa kimoja tu cha samaki, tena cha zamani. Kitamdhuru nani?

Nimepiga pasi blauzi ya kwenda kupokelea mwiko. Nimefuta pale ukutani utakapokaa. Msumari bado upo. Sikuwahi kuung'oa.


Jumamosi, 25 Oktoba

Sitaki kuandika. Nitaandika kwa sababu ya presha.

Tuliondoka jua linachomoza. Upepo ulikuwa umekwisha kugeuka, baridi, unasukuma mgongoni. Brent kauliza kama maji hayako chini kuliko juzi. Nikamwambia sukuma, usiulize. Tukapita mkondo. Chini ya mashua nikasikia tope linakwangua. Nikasema hiyo ni nyasi.

Tukafika kwenye kibanda. Dema lilikuwa nusu nje ya maji. Likatikisika. Nikasema tazama nguvu zake, Brent, bado ana nguvu! Brent akalivuta.

Kaa.

Kaa wa bluu. Nilihesabu ishirini na watatu, wamepandana, wanatupungia magando kama wajumbe. Walinusa kichwa kile kikuukuu, wakaingia mmoja mmoja kwa mdomo nilioupanua mwenyewe. Na katikati yao, mfupa. Safi, mweupe, kama kitana. Kilichobaki ni mkia. Mkia wenye doa moja.

Miaka sitini natega kaa kwa dema. Kwa kichwa cha samaki. Miaka sitini! Halafu nikamfungia mfalme wangu ndani ya dema lenye kichwa cha samaki.

Brent kauliza kama doa moja linahesabika.

Nikamwambia geuza mashua tutoke, saa mbili bado, tutavua mwingine. Kachoma upondo, kasukuma. Mashua haikutikisika. Nikatazama pembeni. Maji yalikuwa yanaondoka, nayaona kwa macho, yanakimbilia mkondoni kama watu wanaotoka misa kabla ya baraka. Kidogo kidogo ziwa lote likawa uwanja wa tope. Sisi katikati. Mwari mmoja akaja akasimama karibu, akatutazama, akatembea akaenda zake. Kwa miguu.

Simu ya Brent haikuwa na mtandao. Tulikula soseji ya wali. Brent kashuka kusukuma, kazama mpaka kiunoni, buti moja likabaki huko chini na mimi nadhani liko Uchina sasa. Saa tatu. Saa nne. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kaa wote ishirini na watatu ndani yake, nikafikiria ule msumari.

Saa nne na nusu tukasikia injini. Boti ya kijani, nje, kwenye maji mapana mwisho wa mkondo. Earline. Kazima injini, kashuka na mabuti yake ya mapajani, anatembea juu ya tope kwa kukanyaga mizizi ya nyasi tu, hazami, kamba ndefu begani. Miaka sabini na tatu!

Nikampigia kelele amepajuaje hapa, hapa ni siri ya Whitney.

Akasema, "Siri ya Whitney? Wifi, mimi ndiye niliyemwonyesha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye kumi. Nilimwapisha asimwambie mtu."

Nikafunua ndoo, nikahesabu kaa upya. 

Kafunga kamba kwenye pua ya mashua, kamwita Brent, wakavuta. Hatua moja, pumzi. Hatua moja, pumzi. Mimi nikabaki ndani kwa sababu ya magoti. Natoa maelekezo. Earline kasema nikitoa elekezo jingine ataacha kamba. Kwenye mkondo palikuwa na maji ya kiganja. Tulifika kwenye boti yake saa sita kasoro dakika tano.

Ndipo nikaona sanduku lake la barafu liko wazi kidogo. Nikachungulia. Mwekundu. Kavuliwa asubuhi hiyohiyo, macho bado angavu. Nikahesabu bila kutaka. Madoa manane.

Kanisa liko mwendo wa dakika ishirini.

Nikamuuliza kamvua saa ngapi. Kasema saa moja na nusu. Nikamuuliza kwa nini hakumpeleka, angekuwa amekwisha kushinda zamani. Akavuta kamba ya injini, hakunitazama. Akasema kapita nyumbani kwangu kwanza, kaiona mashua ya Whitney haipo gatini, na upepo unavuma vile. Kanitafuta kila mahali ninapopenda kukosea, kwa mpango. Halafu akasema, "Ningekuacha uoze huko, halafu nigombane na nani?"

Nilitaka kusema asante. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema kamba yake imeoza, ni bahati haikukatika.

Akasema, "Karibu, wifi."

Tulifika saa sita na robo. Padri Kurian alikuwa amesimama na rula yake na saa ya ukutani ameishika mkononi. Kasema saa sita ni saa sita. Nikamwambia padri, huyu mwanamke ana madoa manane ndani ya sanduku, alikuwa anamwokoa mtu. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilimtetea! Imeandikwa hapa, sitaiandika tena. Padri kasema anasikitika sana lakini kanuni iliwekwa na sisi wenyewe, na mwaka juzi mimi ndiye niliyepiga kelele mwenzangu mmoja akataliwe kwa dakika nne.

Kweli. Nilipiga.

Basi nani kashinda? Wanaume wote walikwenda mfereji wa pampu kwa ajili ya trauti. Mwekundu aliyeletwa kwa wakati alikuwa mmoja tu. Ana madoa matatu. Kavuliwa gatini pa kanisa, kwa kipande cha soseji, na Padri Kurian.


Jumapili, 26 Oktoba

Padri kapika.

Na nazi!

Ndani ya kubiyon! Nazi ni ya keki! Nilimkuta saa kumi na mbili asubuhi, kavaa aproni juu ya kanzu, anamimina tui kutoka kwenye makopo, kopo baada ya kopo. Akatia tangawizi. Akatia manjano, mikono yake ikawa kama ya mgonjwa. Akatia majani aliyotumiwa na dada yake kwa posta. Nikamwambia padri, unaanza kwa kukaanga unga kwenye mafuta mpaka uwe rangi ya kahawa, nazi haiko popote. Akasema, "Bibi Odelia, mshindi ndiye anayepika. Nishikie hapa."

Akanipa mwiko. Mwiko wa Whitney, mkononi mwangu, mzito vilevile. Earline akaja, akaushika kwa juu. Mimi nashika kwa chini. Mimi navuta, yeye anasukuma. Nikamwambia anakoroga kama anapiga mswaki. Akasema mimi nakoroga kama ninayechimba kaburi. Padri akasema koroga, mama zangu, tui litakatika. Saa mbili nzima tulikoroga hivyo. Tulitia samaki wote wa parokia, trauti na wekundu, na yule wa Earline wa madoa manane akiwamo. Kaa wangu ishirini na watatu nao wakaingia. Kisasi.

Watu walikula.  Halafu wakarudi na sahani. Sitasema kilikuwa kitamu. Nilirudi mara tatu ili kuhakikisha.

Mwisho padri kapanda kwenye benchi. Kasema mwiko ni wake kihalali, lakini yeye jikoni kwake ana sufuria moja. Kasema mwiko huu ulichongwa na mtu mmoja lakini wenyewe ni wanawake wawili. Basi utakaa kwa zamu. Mpaka Pasaka kwa Earline, maana kapoteza samaki wake kwa ajili ya mtu. Baada ya Pasaka kwangu. Watu wakapiga makofi. Earline akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, vizuri kabisa, kama mtu mzima. Hata nikamshika mkono. Nilimwambia kuwa wa kwanza ni haki yake.

Na nilimaanisha. Mpaka nilipofika nyumbani nikauona ule msumari.

Mpaka Pasaka ni miezi mitano.

Nimefikiri. Mpango wa tatu, na huu ndio wenye akili. Nitachonga mwingine. Banda la Whitney lina mbao. Urefu uleule, upana uleule, nitaupaka mafuta na moshi mpaka ufanane. Siku ya Watakatifu Wote, Earline akienda makaburini kupaka chokaa kama desturi yetu, mimi naingia jikoni kwake kwa mlango wa nyuma, ambao haufungi, natundika wa bandia, naondoka na wa kweli. Hatajua. Baada ya Pasaka analeta wa bandia kwangu, na mimi nina yote miwili.

Sijamwambia Brent bado. Hakuna mtu anayejua. Daftari nimelihamishia ndani ya sufuria ya gumbo, ule mchuzi wetu wa bamia, rafu ya juu.


Jumatatu, 27 Oktoba

Nilihitaji kipimo. Nikampigia Earline, nikamuuliza ule mwiko una urefu gani, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Hakuuliza kumbukumbu gani. Kasema inchi arobaini na nne. Halafu akaongeza, mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba nitumie ubao wa msipresi, ule mti wa kinamasini, maana msonobari ukishika joto unapinda. Na kwamba Siku ya Watakatifu Wote ataniachia kahawa jikoni kwake, juu ya jiko, nijipashie moto.

Sijui kwa nini kasema hivyo. Lakini habari ya msipresi ni kweli.

Kuna duara jingine ukurasa wa jana. Kahawa ya maziwa. Sufuria hii inavuja nini?

Brent, ukimaliza kutafuta buti lako la pili, lete msumeno na ubao wa msipresi ulioko nyuma ya banda, na funga mdomo. Charlene, wewe usisome ukurasa huu, na weka kitambaa chini ya kikombe.